Nafuu ya Kodi Wakati wa Dhiki: Kupunguziwa, Kurudishiwa na Kupewa Muda

Mnamo Machi 13, 2020 Serikali ya Kenya ilitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa ugonjwa wa Korona ameonekana nchini. Kabla mwezi ule haujaisha shule zilikuwa zimefungwa, ndege za abiria kutoka nchi za ng'ambo zilikuwa zimekatazwa kutua, na tangu Machi 27 watu hawakuruhusiwa kuwa nje tangu saa moja ya jioni hata saa kumi na moja ya alfajiri. Wenye hoteli za Malindi walibaki na vitanda vitupu. Wakulima wa maua wa Naivasha walipoteza soko lao la Ulaya wakati maua yangali shambani yakichanua. Wenye mikahawa ya mijini, ambao chumo lao kubwa ni la jioni, walifunga milango mapema. Walakini siku ya 9 ya mwezi, ambayo ndiyo siku ya mwisho ya mwajiri kupeleka kodi ya mishahara, ilifika kama desturi; na siku ya 20, ambayo ni ya kodi ya ongezeko la thamani, nayo ikafika.

Basi mfanya biashara ambaye hana fedha atalipaje? Na Serikali ambayo yategemea kodi hiyo kuwalipa waganga na waalimu itafanyaje? Haya ndiyo mambo tutakayoyaeleza katika somo hili. Mambo ya mwaka 2020 yamekwisha kupita, lakini yafaa kuyachungua, kwa sababu yalionyesha waziwazi kwamba nafuu ya kodi si kitu kimoja, na mtu asiyejua tofauti zake aweza kuidhani zawadi kumbe ni deni.

Ziko namna tatu. Ya kwanza ni kupunguza kiwango cha kodi: aliyekuwa akilipa shilingi 30 katika kila 100 sasa hulipa 25. Ya pili ni Serikali kumrudishia mfanya biashara fedha zake mwenyewe ambazo imezishika. Ya tatu ni kumwongezea muda: kodi yabaki ile ile, wala haipungui hata senti, ila siku ya kuilipa yasogezwa mbele. Katika mazungumzo ya sokoni zote tatu huitwa jina moja, na hapo ndipo matata huanzia.

Viwango Vilivyopunguzwa

Mnamo Machi 25, 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza nafuu kadha wa kadha. Kodi ya faida za makampuni ilishushwa kutoka asilimia 30 hata asilimia 25. Kiwango cha juu cha kodi ya mishahara kilishushwa vivyo hivyo. Kodi ya ongezeko la thamani, ambayo madukani huitwa VAT, ilitoka asilimia 16 ikawa 14 tangu Aprili 1. Kodi ya mauzo, ambayo hulipwa na wafanya biashara wadogo, ilitoka asilimia 3 ikawa 1. Sheria iliyothibitisha mambo hayo, isipokuwa ile ya VAT iliyokwisha kutangulia, ilitiwa sahihi Aprili 25.

Sasa tuangalie ni nani aliyenufaika. Tuchukue mfano wa kampuni mbili. Ya kwanza yauza vyakula, nayo ilipata faida ya shilingi 2,000,000 mwaka ule. Kwa kiwango cha zamani ingelipa 600,000. Kwa kiwango kipya ililipa 500,000. Imebakiwa na shilingi laki moja zaidi. Ya pili ina hoteli kando ya bahari. Mwaka mzima haikupata faida ila hasara. Asilimia 30 ya faida ambayo haipo ni kitu gani? Na asilimia 25 je? Yote ni sifuri. Kwa hiyo aliyepigwa sana na dhiki hakupata lolote katika nafuu hiyo, na aliyekuwa na chakula akaongezewa sahani. Hatusemi kwamba kupunguza kiwango ni kosa, maana kampuni yenye faida huweza kuwaweka watu kazini. Twasema tu kwamba nafuu ya kodi ya faida humfikia mwenye faida.

Kodi ya mauzo ni jambo jingine kabisa. Kodi hii haiulizi faida. Huhesabu mauzo yote yaliyopita mezani. Mwenye duka auzaye vitu vya shilingi 150,000 kwa mwezi alikuwa akidaiwa shilingi 4,500, hata ikiwa mwezi huo hakubakiwa na kitu baada ya kulipa pango na mshahara wa kijana wake. Kodi ilipokuwa asilimia 1 alidaiwa shilingi 1,500. Hizo shilingi 3,000 ni fedha za kushikika, na zilimfikia kila mwezi, awe amepata faida au hakupata. Tena sheria ile ile iliwaondolea kodi hiyo wale ambao mauzo yao ya mwaka hayafiki shilingi milioni moja. Kwa maoni yetu nafuu hii, ambayo haikuzungumzwa sana, ndiyo iliyomgusa mtu mdogo kuliko zote.

Na ile ya VAT? Kitu cha shilingi 1,000 kilikuwa na kodi ya 160, kikawa na kodi ya 140. Shilingi 20 zile ni za nani? Mwenye duka akishusha bei, ni za mnunuzi. Asiposhusha, zimebaki mfukoni mwake. Kila msomaji ajua duka lake lilifanya lipi.

Nafuu hizo zilikuwa za muda, nazo hazikuisha pamoja. Kodi ya makampuni, kiwango cha juu cha kodi ya mishahara na VAT vilirudi mahali pake pa kwanza Januari 1, 2021. Kodi ya mauzo ilikaa kwenye asilimia 1 hata Julai 1, 2023, iliporudishwa kuwa asilimia 3. Ndiyo sababu mwenye kuweka bei za mwaka mzima hana budi kuuliza kwanza nafuu aliyo nayo itakoma lini.

Fedha Ambazo Serikali Yenyewe Ilidaiwa

Watu wengi hushangaa wakiambiwa kwamba Serikali huweza kuwa na deni la kodi kwa mfanya biashara. Jambo hili si la ajabu. Mkulima wa maua hununua mbolea nyingine, makaratasi ya kufungia, na vyombo vya kazi, na katika baadhi ya ununuzi huo hulipa VAT. Maua yake huuzwa ng'ambo, na bidhaa ziendazo ng'ambo hutozwa VAT ya asilimia sifuri. Basi kodi aliyoilipa hana mnunuzi wa kumdai, na sheria yasema arudishiwe na Serikali. Ikichelewa miezi, mkulima huyo amekuwa mkopeshaji wa Hazina bila ya kupenda.

Katika tangazo lile la Machi 25, 2020 Mamlaka ya Ushuru, yaani KRA, iliamriwa kulipa kwa muda wa wiki tatu madai ya VAT yaliyokwisha kuhakikishwa, jumla yake shilingi bilioni 10. Wizara na idara nazo ziliamriwa kulipa katika muda huo huo angalau shilingi bilioni 13 za madeni ya watu walioiuzia Serikali vitu na kazi. Nafuu ya namna hii haimpi mtu kitu kisicho chake. Walakini kwa mwenye kiwanda aliyekuwa akitafuta mishahara ya mwisho wa mwezi, kulipwa deni la zamani kwaweza kuwa bora kuliko kupunguziwa kodi ya mwaka ambao haujaisha.

Fedha ya Mtu Aliyoishika Mwingine

Kabla ya kuzungumza juu ya kupewa muda, yatupasa kuuliza swali moja: fedha za kodi zilizomo katika sanduku la mfanya biashara ni za nani?

Kodi ya faida ni yake mwenyewe. Yatoka katika chumo lake. Lakini kodi ya mshahara si yake. Mwajiri amwambia mfanyakazi, mshahara wako ni shilingi 40,000, nami nimekata kiasi fulani cha kodi. Kiasi kile kimekwisha kutoka mfukoni mwa mfanyakazi. Mwajiri ni mchukuzi tu. Na VAT ni vivyo hivyo: mnunuzi ameilipa mezani, risiti imeandikwa, na mwenye duka ameshika fedha ya njiani.

Hata hivyo mambo ya VAT yana ugumu wake, na hapa tusimlaumu mwenye duka upesi. Tuseme mfanya biashara ameuza saruji na mabati ya shilingi 1,000,000 katika mwezi mmoja, na VAT yake ni 160,000. Yeye mwenyewe alinunua mali ile kwa shilingi 700,000, akalipa VAT ya 112,000. Atoe moja katika nyingine, na KRA yamdai shilingi 48,000 ifikapo tarehe 20 ya mwezi ufuatao. Hesabu ni nyepesi. Lakini mabati yale yamechukuliwa na mjenzi mkubwa ambaye ameandikiwa ankara na kusema, nitalipa baada ya siku 90. Sheria yaangalia ankara. Haingoji fedha zifike. Basi siku ya 20 mtu huyu atakiwa kutoa 48,000 ambazo hajazipokea. Wakati wa neema huchota katika mauzo mengine. Wakati wa dhiki mauzo mengine hayako, na yule mjenzi naye hasemi tena siku 90, asema subiri.

Kupewa Muda

Katika nchi ya Uingereza mwaka 2020 Serikali iliitumia sana namna hii ya tatu. Kila mfanya biashara aliyekuwa na VAT ya kulipa kati ya Machi 20 na Juni 30 mwaka ule aliambiwa kwamba aweza kuiacha hata Machi 31, 2021. Hakutakiwa kuomba, wala hakutozwa riba au faini kwa kuchelewa huko. Zaidi ya nusu milioni ya wenye biashara waliikubali nafasi hiyo. Masharti yalikuwa machache, lakini mawili yafaa kukumbukwa. Ritani za VAT zilitakiwa kupelekwa kwa wakati wake kama kawaida, kwa maana muda ulitolewa wa kulipa, haukutolewa wa kuficha hesabu. La pili, mtu aliyekuwa ameiagiza benki yake iwe ikilipa kodi kila mara alitakiwa kulifuta agizo hilo mwenyewe. Kama hakulifuta, fedha zilikwenda.

Miezi ikapita. Mwaka 2021 ulipofika dhiki haikuwa imekwisha, na wengi walikuwa na kodi ya zamani pamoja na ile ya kila siku. Ndipo Serikali ile ikafungua mpango mwingine, tangu Februari 23 hata Juni 21, 2021, ambao mtu aliweza kuingia na kulilipa deni lake kwa mafungu sawasawa, kila mwezi fungu moja, bila riba. Waliokuja mapema walipata mafungu 11; waliochelewa walipata machache zaidi. Na yule ambaye hata Juni 30, 2021 hakulipa, hakuingia katika mpango, wala hakuja kuzungumza, aliweza kutozwa faini ya asilimia 5 ya deni lililobaki. Msomaji ataona jinsi mlango ulivyokuwa mpana mwanzo, kisha ukazidi kuwa mwembamba.

Marekani walichagua kwa uangalifu mwingine. Sheria yao ya Machi 27, 2020 iliwaruhusu waajiri kuchelewesha sehemu yao wenyewe ya mchango wa akiba ya uzeeni, ambayo ni asilimia 6.2 ya mshahara, kwa muda uliobaki wa mwaka ule. Nusu ilitakiwa mwisho wa mwaka 2021 na nusu ya pili mwisho wa mwaka 2022. Sehemu ambayo mwajiri amemkata mfanyakazi haikuguswa na sheria hiyo. Twaona ndani yake lile swali la fedha ni za nani.

Jirani zetu wa Uganda nao walitoa muda. Katika hotuba ya bajeti ya Juni 2020 ilielezwa kwamba kodi ya mapato ya makampuni na ya biashara ndogo imeahirishwa hata Septemba mwaka ule, na kodi ya mishahara kwa biashara zilizoumia, kama za utalii na za maua. Lakini nafuu ile ya kodi ya mapato iliwekewa sharti la kuwa mtu ni mlipaji mwaminifu. Mwenye vitabu vilivyovurugika, ambaye pengine ndiye aliyezama zaidi, hakuweza kuingia. Huenda mtu akaliona sharti hili kuwa gumu. Walakini Serikali ambayo haikujua mtu fulani alikuwa akiuza kiasi gani kabla ya dhiki itajuaje dhiki imempunguzia kiasi gani?

Sheria ya Kenya Yasemaje?

Kenya mwaka 2020 ilitegemea zaidi kupunguza viwango na kurudisha fedha kuliko kuwapa wote muda. Lakini asidhani mtu kwamba hapa hakuna njia ya kuomba muda. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 yamruhusu mlipaji kumwandikia Kamishna na kuomba aongezewe muda, naye Kamishna akiridhika aweza kumpa, au kumpangia mafungu. Njia hii haikuwekwa kwa ajili ya Korona. Ilikuwako kabla yake, na wengi hawakuijua.

Yako mambo mawili ndani yake ambayo mwombaji hana budi kuyafahamu kabla ya kutia sahihi. La kwanza, mtu aliyepangiwa mafungu akikosa fungu moja tu, deni lote lililobaki lawa la kulipwa mara moja. Kwa hiyo ni afadhali kuomba mafungu madogo ambayo kweli atayaweza kuliko makubwa ya kumpendeza karani. La pili, riba haisimami kwa sababu ya kuongezewa muda. Huhesabiwa tangu siku ile ya kwanza ambayo kodi ilitakiwa kulipwa. Tofauti na mpango ule wa Uingereza ni kubwa, na mtu asichanganye habari za redio za nchi moja na sheria za nchi nyingine.

Riba yenyewe ni asilimia 1 kwa kila mwezi, nayo haizai riba nyingine, wala haiwezi kuzidi kodi yenyewe. Faini ya kuchelewa kulipa ni asilimia 5. Tupige hesabu ya mtu ambaye alidaiwa shilingi 100,000 akanyamaza kwa miezi 10, pengine akitumaini kwamba katika ghasia za Korona amesahauliwa. Riba ni 10,000. Faini ni 5,000. Sasa adaiwa 115,000, bila kuhesabu faini nyingine ya pekee kama hakupeleka ritani. Tena Kamishna ana uwezo wa kuiandikia benki ya mtu kama huyo, au hata wateja wanaodaiwa naye, na kuwaagiza walipe kwa Serikali. Mfanya biashara ambaye wateja wake wamepokea barua ya namna hiyo hupoteza zaidi ya hizo 15,000.

Mtu aulizaye lini aombe muda, jibu ni kabla ya siku ya kulipa. Aipeleke ritani hata ikiwa hana senti, kwa sababu ritani ni maneno, na maneno hayana gharama. Aonyeshe ankara ambazo hajalipwa, na hesabu za mauzo za mwaka uliotangulia kando ya zile za mwaka wa dhiki, ili karani aone shida kwa macho. Na zile fedha ambazo amewakata wafanyakazi wake, kama angali nazo, azipeleke hizo kwanza. Aombee muda kodi yake mwenyewe.

Msamaha Uliofuata

Kwa kuwa madeni ya miaka ile yalikuwa mengi, Kenya ilitoa baadaye kitu kingine ambacho pia hueleweka vibaya. Tangu Septemba 1, 2023 hata Juni 30, 2024 palikuwa na msamaha wa riba na faini kwa madeni ya kodi ya wakati wote uliopita hata Desemba 31, 2022. Msamaha wa pili ulianza Desemba 27, 2024, ukafika hata madeni ya Desemba 31, 2023, na ukakoma Juni 30, 2025.

Wako waliosikia neno "msamaha" wakaketi kungoja barua ya kufutiwa deni. Kilichosamehewa ni riba na faini peke yake, na tena kwa mtu aliyelipa kodi yenyewe kabla ya siku ya mwisho. Yule wetu wa shilingi 100,000, kama alikuwa amenyamaza tangu mwaka 2020, alikuwa na nafasi mbili za kuondolewa mzigo wote uliokwisha kujaa juu ya deni lake, mradi azilete shilingi 100,000 kamili. Kama alizileta Juni 30, 2025, alitoka amelipa kiasi kile kile ambacho angelilipa miaka mitano nyuma. Kama alikuja Julai 1, alikuta riba yake na faini yake zikimngoja.